Mekanika Inayoonekana kwa Macho: Ushauri kwa Wanaofundisha Wahandisi

Kila muhula unapoanza Dodoma, swali ni lile lile. Wanaouliza ni wahadhiri wasaidizi, walimu wa vyuo vya ufundi, hata wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoongoza diskasheni za wadogo zao: inakuwaje kijana anayekokotoa momenti bila kukosea anashindwa kusema bimu itaanza kupasuka upande gani? Fomula anazo na jaribio kafaulu. Mpe picha ya kibaraza kisicho na nguzo mbele, umuombe achore nondo kuu, naye ataziweka chini bila wasiwasi wowote.

Mtu wa hivyo hana upungufu wa hesabu. Amefika kwenye hesabu kabla hajaona kitu chenyewe kinavyojikunja, kinavyovutika na kinavyobanwa.

Anayefundisha akiwa maeneo ya Ipagala, hapa Dodoma, ana bahati ambayo wengi hawaitumii. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, kata hii na jirani zake zimekuwa saiti isiyoisha: kuta ambazo hazijapigwa plasta, kenchi zinapandishwa, nondo zinasubiri zege, bodaboda zimebeba kuliko uwezo wake. Ushauri ufuatao umekusanywa kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa kubwa, maabara finyu na umeme usioaminika.

Kabla ya kifaa chochote: mwanafunzi atabiri

Kosa kubwa kuliko yote kwenye kufundisha kwa picha ni kudhani kwamba kuona kunatosha. Mwaka 2004 Catherine Crouch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu maonyesho ya fizikia darasani. Wanafunzi waliotazama tu onyesho walielewa kwa kiasi kilichowazidi kidogo mno wale ambao hawakuliona kabisa. Waliotakiwa kutabiri kwanza ndio waliopiga hatua, na waliojadili utabiri wao na wenzao walikuwa mbele zaidi.

Kwa hiyo, iwe ni sponji, video au kompyuta, mpangilio ubaki huu:

1. Onyesha kitu kikiwa kimetulia. Usikiguse.
2. Uliza swali moja lenye jibu linalochoreka: kitajikunja vipi? Mshale uelekee wapi? Ufa utaanzia wapi?
3. Kila mmoja achore kwenye daftari lake, kwa kalamu ya wino. Penseli hufutwa jibu likishajulikana.
4. Wawili wawili waonyeshane na wabishane, dakika mbili.
5. Sasa fanya onyesho. Rudia polepole.
6. Kila mmoja achore tena pembeni ya mchoro wa kwanza, na aandike sentensi moja: nilikosea wapi.
7. Hapo ndipo fomula iingie ubaoni.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, na inarukwa na walimu wazuri, kwa sababu mwalimu mzuri ana hamu ya kueleza. Ajizuie. Akishasema jibu kabla ya daftari kuchorwa, onyesho limekwisha hata kama halijaanza.

Anayedhani wanafunzi wake hawahitaji haya akumbuke yaliyomkuta Eric Mazur wa Harvard. Aliposoma kazi za David Hestenes na wenzake wa Arizona, aliwapa wanafunzi wake jaribio la dhana za mekanika lisilo na hesabu. Mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe?

Mfuko wa mwalimu

Vitu hivi vinaingia kwenye kiroba kimoja na karibu vyote vinapatikana bila kuagiza:

- Kipande cha sponji ngumu, urefu wa nusu mita na unene wa sentimita 10 hivi. Fundi makochi yeyote ana mabaki.
- Rula mbili za plastiki inayopenyeza mwanga, na pembetatu za seti ya jometri.
- Chaki nyeupe, pakiti nzima, maana zitavunjwa.
- Kamba ya manila mita tatu na dumu la maji la lita tano.
- Mizani ya springi ya kuning'inizia.
- Mbao mbili nyembamba zilizounganishwa kwa bawaba upande mmoja.
- Miwani ya jua yenye polaroidi.
- Makapeni ya rangi mbili, karatasi za grafu, tepu ya kupimia.
- Simu yenye kamera, na stendi au tofali la kuiegemeza.

Uchaguzi wa rangi si jambo dogo. Wapo wanaume wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajui kwamba wako hivyo. Tumia bluu na rangi ya chungwa, au mstari mzima na mstari wa vidoti. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu apewe sponji aishike mwenyewe, kwani kubanwa na kuvutika kunasikika vidoleni.

Sponji, lenta na kibaraza

Somo hili lipewe muda kuliko mengine yote, kwa sababu likikosewa saiti watu huumia.

Chora kwa makapeni mistari ya wima ubavuni mwa sponji, ikiachana sentimita mbili. Chora na mmoja wa ulalo katikati, kutoka mwisho hadi mwisho. Laza sponji juu ya matofali mawili, moja kila ncha. Hiyo ni lenta juu ya mlango. Wanafunzi watabiri mistari itakuwaje ukibonyeza katikati, kisha bonyeza.

Juu mistari inasogeleana, chini inaachana. Ule wa ulalo unapinda, ila urefu wake haubadiliki. Mwambie mmoja aje apime kwa tepu mbele ya wenzake, maana wapo watakaosema ni maneno ya mwalimu.

Zege hustahimili kubanwa vizuri sana, lakini ikivutwa uwezo wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa kubanwa. Kwa hiyo nondo kuu za lenta ziko wapi? Chini, panapoachana. Hapo darasa zima hukubali.

Sasa ondoa tofali moja. Bana ncha ya upande mmoja juu ya meza kwa vitabu vizito, ncha nyingine ining'inie hewani. Hicho ni kibaraza. Uliza tena: nondo ziende wapi? Wengi watasema chini, kwa sababu dakika tano zilizopita jibu lilikuwa chini. Acha waandike, kwa wino. Halafu bonyeza ncha inayoning'inia.

Mistari inaachana juu, tena zaidi pale karibu na vitabu, yaani ukutani.

Usikimbilie fomula. Kaa hapo uulize maswali ya saiti:

- Nondo zikiwekwa juu kama inavyotakiwa, kisha mafundi wakazikanyaga wakati wa kumwaga zege, zitaishia wapi?
- Ni kitu gani kingezizuia zisishuke?
- Nondo ikiishia ukutani bila kuingia ndani, kuna cha kuishikilia?
- Mbao za fomu zikitolewa mapema, nani anabeba uzito?

Waliopitia VETA kabla ya diploma watang'aa hapa. Wameshika nondo, wamefunga ringi. Waliotoka kidato cha sita na PCM yao wameshika kalamu. Wapangwe wawili wawili wa aina hizi mbili, na wa PCM ndiye achore huku wa VETA akieleza, kwani wakiachiwa kila mmoja afanye anachokiweza hakuna atakayejifunza.

Tahadhari mbili. Sponji hujikunja sana, na mwanafunzi anaweza kuondoka akiamini kwamba bimu ya zege ikibeba mzigo haijikunji kabisa, au inajikunja kwa kiasi kile. Sema wazi kwamba mchoro wa mkunjo hutiwa chumvi makusudi. Pili, sponji laini mno huzama pale unapobonyeza badala ya kupinda. Tandika kipande cha mbao chini ya kiganja.

Ukibaki na dakika tano, chukua rula yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3. Ipinde ikiwa imelala, kisha jaribu kuipinda ikiwa imesimama kwa ubavu. Ugumu wake wa kupinda umeongezeka mara 100, kwa sababu kimo kimeongezeka mara kumi na kwenye hesabu hupandishwa kwa kipeo cha tatu, huku upana ukipungua mara kumi. Mbao ya mbili kwa nne ikisimamishwa badala ya kulazwa inapata mara nne. Fundi kenchi analijua hili bila kuandika chochote.

Kenchi, na tamaa ya paa la chini

Nyumba nyingi mpya zinajengwa kwa paa lenye mteremko mdogo lililofichwa nyuma ya ukuta. Mwanafunzi aulizwe: paa likilazwa zaidi, mbao za kenchi zinapumzika au zinateseka?

Simamisha zile mbao mbili zenye bawaba kuwa pembetatu juu ya meza laini. Unganisha miguu yake kwa uzi uliopitishwa kwenye mizani ya springi, uzi huo ukiwa ndiyo mbao ya chini ya kenchi. Ning'iniza kilo moja kileleni. Mteremko ukiwa nyuzi 30, mizani itasoma karibu kilo 0.87. Legeza uzi hadi mteremko uwe nyuzi 15, na usomaji unapanda hadi kama kilo 1.87. Mzigo ni ule ule.

Baada ya kuona, karatasi ya grafu itoke. Kwa mzigo wa kilonyutoni 10 kileleni, kila ukuta unabeba 5. Chora mshale wa 5 kwa skeli, sentimita moja kwa kilonyutoni moja, kisha funga pembetatu kwa mistari inayofuata mielekeo ya mbao mbili zinazokutana ukutani. Pima kwa rula: kwa nyuzi 30 mbao ya mteremko inabanwa kwa 10 na ya chini inavutwa kwa 8.7. Kwa nyuzi 15, ni 19.3 na 18.7. Mwanafunzi amepata jibu bila sine wala kosine. Akikokotoa baadaye na kupata 8.66, anajua namba hiyo ni urefu wa mstari alioupima.

Njia hii si ya kitoto. Karl Culmann aliifundisha Zurich katika karne ya 19, na mwanafunzi wake Maurice Koechlin ndiye aliyechora wazo la kwanza la mnara wa Eiffel uliomalizika mwaka 1889.

Makosa ya kawaida hapa:

- Kuchora pembetatu ya kani juu ya picha ya kenchi yenyewe. Ni michoro miwili, na kila mmoja una skeli yake: mmoja wa mita, mwingine wa kilonyutoni.
- Kudhani mbao ndefu ndiyo yenye kani kubwa.
- Kusahau kwamba mbao inayobanwa inaweza kupinda pembeni hata kama haijavunjika. Bonyeza rula kwa ncha zake ili waone. Kisha ishike katikati ubonyeze tena: ikizuiwa hapo, inahitaji mzigo mara nne ndipo ipinde.

Waya wa zabibu

Dodoma ni mkoa wa zabibu, na shamba la zabibu ni maabara ya statiki iliyo wazi. Hombolo, Mpunguzi au Makutupora, kilipo kituo cha utafiti cha TARI, mtu anaweza kusimama mwisho wa mstari akaona nguzo ya mwisho ikiwa imefungwa kwa waya wa kuivuta nyuma hadi kwenye nanga ardhini. Nguzo za katikati hazina waya huo. Kwa nini?

Darasani anza na kamba na dumu. Wanafunzi wawili wenye nguvu washike ncha za kamba ya mita tatu, dumu la lita tano lining'inie katikati. Waambie waivute hadi kamba inyooke kabisa. Hawataweza. Dumu likiwa limeshuka sentimita 10 tu, kila mmoja anavuta sawa na kubeba kilo 37 na ushee, kwa mzigo wa kilo tano. Darasa litacheka, waliovuta hawatacheka.

Sasa chukua shamba. Nguzo ziko mita sita kutoka moja hadi nyingine, na waya umebeba kilo tano kwa kila mita, yaani kama nyutoni 50. Uzito wote wa nafasi moja ni nyutoni 300. Waya ukining'inia sentimita 10 katikati, unavuta nguzo ya mwisho kwa nyutoni 2,250. Mkulima akiukaza hadi ubaki sentimita 5, kani hiyo inakuwa 4,500. Akiulegeza hadi 20, inashuka hadi 1,125.

Mchoro unaotakiwa ni wa nguzo peke yake, iliyotengwa na kila kitu. Mwanafunzi ajiulize nini kinaigusa, na kila kinachogusa kipate mshale:

1. Waya wa zabibu unavuta kwa ulalo kuelekea shambani.
2. Waya wa nanga unavuta kwa mshazari kuelekea nje na chini.
3. Ardhi inasukuma juu.
4. Uzito wa nguzo unashuka.

Nyaya zote mbili zikifungwa kwa kimo kimoja, na waya wa nanga ukiwa nyuzi 45 na ardhi, lazima ubebe karibu nyutoni 3,180. Ukisimamishwa hadi nyuzi 60 ili kuokoa nafasi ya njia, unabeba 4,500. Wanafunzi wachore pembetatu za kani za hali zote mbili kwenye karatasi moja. Halafu ndipo waulizwe ni kwa nini nguzo ya mwisho huzama na si kung'oka tu: ule mshazari wa waya unaishindilia chini.

Nguzo za katikati, je? Waya unazivuta kulia na kushoto kwa kiasi kile kile. Wengi huligundua hili wakiwa wamechora nusu, wakaacha kalamu.

Mwendo: ukuta usiopigwa plasta

Ukuta wa tofali ulio wazi una mistari ya ulalo iliyo sawa. Pima kimo cha kozi moja kwa tepu, na tayari una skeli. Simamisha simu mita nne au tano kutoka ukutani, usawa na katikati ya njia ya mpira, dondosha mpira karibu kabisa na ukuta, kisha sogeza video picha moja baada ya nyingine.

Kwa video ya picha 30 kwa sekunde, weka alama kila baada ya picha tatu, yaani kila sehemu moja ya kumi ya sekunde. Umbali unaoongezeka unakuwa karibu sentimita 5, 15, 24, 34, 44. Uwiano ni 1, 3, 5, 7, 9, jambo ambalo Galileo alilieleza bila simu. Mchapuko wa mvutano wa dunia hapa Dodoma, kwa mwinuko wake wa zaidi ya mita 1,100 na ukaribu wake na ikweta, ni kama 9.78. Kundi likipata kati ya 9.4 na 10.2 limefanya kazi nzuri, likipata 9.81 kamili, likaguliwe.

Yanayoharibu video:

- Simu kukaribia mno, hivyo mpira na kozi ya tofali havionekani kwa skeli moja.
- Kushika simu mkononi.
- Mwanga hafifu, na mpira kuonekana ukungu. Fanyeni saa nne asubuhi.

Rusheni pia mpira juu. Swali la kutabiri: kwenye kilele, mchapuko ni ngapi? Darasa litagawanyika, na sehemu kubwa itasema sifuri. Mwendokasi ndio sifuri, mchapuko haujabadilika.

Anayesafiri kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, aning'inize uzi wenye ufunguo na arekodi treni inapoondoka kituoni. Mchapuko ukiwa 0.5, uzi unalala nyuma kwa karibu nyuzi 3. Treni ikishika mwendo usiobadilika, uzi unarudi wima, hata kama nje miti inapita kwa kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton kwa bei ya tiketi.

Rangi zilizojificha ndani ya rula

Fungua ukurasa mweupe kwenye kioo cha kompyuta mpakato. Weka miwani ya polaroidi mbele ya kamera ya simu, izungushe hadi kioo kiwe cheusi. Sasa ingiza rula ya plastiki katikati. Rangi zinatokea.

Ipinde rula kwa mikono miwili ikiwa kwa ubavu. Mikanda ya rangi inasongamana kwenye kingo za juu na chini, na katikati unabaki mstari mweusi usio na mkazo. Kwenye pembetatu yenye tundu, rangi zinabanana pembeni mwa tundu. Mwanafunzi aliyeona hilo haulizi tena kwa nini mhandisi anaogopa kona kali na matundu. David Brewster aliligundua jambo hili kwenye kioo miaka mia mbili iliyopita.

Mambo ya kuangalia: si kila miwani ya jua ina polaroidi (zungusha mbele ya kioo, kisipofifia, siyo). Vioo vya simu vingi vya siku hizi havifai kuwa chanzo cha mwanga, tumia kompyuta. Na rula itakuwa na rangi kabla hujaipinda, kwa sababu mkazo wa kiwandani uligandia humo. Usiifiche hali hiyo, ifundishe.

Baada yake, vunja chaki. Ikipindwa, inakatika wima. Ikisokotwa kwa mikono miwili bila kupindwa, ufa unazunguka kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Miwani ya kinga ivaliwe, vipande huruka.

Mishale inayokosewa

Orodha hii ibandikwe ukutani:

- *Mshale wa mwendo.* Mpira uliorushwa hauna kani ya kuusukuma mbele ukiwa hewani. Kinachougusa ni hewa tu, na dunia inauvuta.
- *Msuguano kurudi nyuma daima.* Tairi la nyuma la bodaboda linaisukuma barabara nyuma, na barabara inalisukuma tairi mbele. Bila mshale huo pikipiki haiondoki.
- *Sakafu inasukuma sawa na uzito, siku zote.* Kwenye mteremko siyo. Ndani ya lifti inayoanza kupanda siyo.
- *Lori linaigonga bajaji kwa kani kubwa kuliko bajaji inavyoligonga lori.* Kani ni sawa. Tungamo ndizo tofauti, na ndiyo maana bajaji inarushwa.
- *Tungamo mara mchapuko kuchorwa kama kani ya ziada.* Hayo ni matokeo ya mishale yote, hayana mshale wake.
- *Upepo unasukuma paa chini.* Kwenye paa lenye mteremko mdogo, upepo wa Dodoma hulivuta juu. Asiyechora mshale huo hataweka chuma cha kufunga kenchi na ukuta.
- *Mishale yote kuwa na urefu mmoja.* Iwe na skeli, hata ya kukadiria.

Kwa michoro ya momenti kuna ugomvi wa zamani: wapo wanaoichora upande unaovutika, wapo wanaopandisha chanya juu. Idara ichague moja. Mwanafunzi asikutane na zote mbili ndani ya muhula mmoja bila kuonywa.

Kompyuta ije baadaye

Maonyesho ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni ya bure, hupakuliwa yakatumika bila intaneti, na baadhi yamo kwa Kiswahili. GeoGebra inafaa kwa pembetatu za kani zinazobadilika ukivuta pembe. Ftool, iliyotengenezwa Rio de Janeiro, huchora momenti na mikunjo ya fremu. Tracker hupima mwendo kwenye video.

Zote ziguswe baada ya mkono kuchora. Programu haimuulizi mwanafunzi anafikiri nini.

Pingamizi zinazosikika

*"Silabasi ni ndefu, muda hakuna."* Onyesho moja la dakika kumi kwa wiki linatosha. Muda unaookolewa ni ule wa kurudia somo lile lile baada ya jaribio.

*"Nina wanafunzi mia mbili."* Simu iliyounganishwa na projekta inaonyesha sponji hadi kiti cha mwisho. Umeme ukikatika, gawa sponji kumi ndogo. Majibu wayaonyeshe kwa karatasi iliyokunjwa yenye A, B, C na D, wote kwa mpigo ili wasiigane.

*"Mtihani unataka hesabu."* Kweli. Na kila mshale kwenye mchoro sahihi ni herufi moja kwenye mlinganyo. Mlinganyo wenye kosa kwa kawaida una mshale uliosahaulika.

*"Sijui kuchora."* Vizuri. Mwalimu anayechora kama Tingatinga huwatisha wanafunzi. Kisanduku na mishale vinatosha.

*"Wanafunzi wanaona aibu kukosea."* Usikusanye mchoro wa kwanza kwa ajili ya maksi. Maksi ziende kwenye ule wa pili na sentensi yake.

Mkiamua kwenda saiti

Omba ruhusa kwa mwenye nyumba na kwa fundi mkuu, siku moja kabla. Kofia ngumu na viatu vya kufunika vidole ni lazima, na kundi lisizidi kumi. Asipande mtu kwenye kenchi wala kwenye jukwaa. Kila mwanafunzi apewe kitu kimoja tu cha kuchora: lenta moja, ngazi moja, nguzo moja na vinavyoigusa.

Fundi apewe nafasi ya kusema kwanza, na salamu yake iheshimiwe. Akikutwa ameweka nondo mahali pasipofaa, mwanafunzi asimsahihishe mbele ya vibarua wake. Mwalimu ndiye atakayemvuta pembeni kabla zege haijamwagwa, na afanye hivyo siku hiyo hiyo.

Jinsi ya kutoa maksi

Swali la maksi 20 ligawanywe hivi: maksi 6 za mchoro wa kitu kilichotengwa, 3 za umbo la mkunjo, 8 za hesabu, na 3 za sentensi inayosema kama jibu linaaminika na kwa nini. Mshale uliokosekana ukatwe maksi moja mara moja tu. Usiadhibiwe tena kwenye hesabu iliyoufuata kwa uaminifu. Mgawanyo huo utangazwe wiki ya kwanza ya muhula, maana wanafunzi husoma kile kinachopewa maksi, na usibadilishwe ikifika wiki ya mtihani.